Maswali na Majibu: Mshauri wa uwekezaji anajuaje kitakachomfaa mteja?

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni afisa mikopo katika benki moja hapa Mwanza, huu ni mwaka wangu wa nne, na nina shahada ya uhasibu. Ninafikiria kuhamia kwenye kazi ya ushauri wa uwekezaji. Naomba unieleze kutwa mnafanya nini, mnajuaje hisa au hatifungani ipi itamfaa mteja, mnalipwaje, na kama kuna leseni inayohitajika. Je, niache kazi nijiandae?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako la pili ndilo lenye uzito, nalo nitalikalia zaidi kuliko mengine.

Mteja anapoketi mbele yangu, kitu cha kwanza ninachotaka kukijua ni tarehe: fedha hii itahitajika lini, na kwa shughuli gani? Wengi hushangaa, kwa sababu wamekuja na swali la "niweke wapi", na wanategemea niwatajie jina la kampuni kabla chai haijapoa. Wewe uliyezoea mikopo utalielewa hili haraka, maana kazi yako ni kupima kama mkopaji ataweza kurejesha kwa wakati, na kazi yangu ni kupima kama fedha ya mteja itarudi mikononi mwake wakati anapoihitaji, bila kulazimika kuiuza kwa hasara.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alinijia mwalimu mstaafu akiwa na mkupuo wa shilingi milioni 60, na uamuzi alikuwa ameshaufanya: fedha yote iende kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 25, yaani aikopeshe Serikali kwa muda huo huku akilipwa riba. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kuponi, yaani riba ya hatifungani, wakati ule ilikuwa asilimia 12.56 kwa mwaka, inayolipwa kila baada ya miezi sita, na riba ya hatifungani hizo za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Kwa hiyo angepokea shilingi 3,768,000 mara mbili kwa mwaka, ambazo ni sawa na 628,000 kwa kila mwezi. "Mwanangu," aliniambia, "wewe nijazie fomu tu."

Nilimuuliza nani bado anamtegemea. Akanijibu kwamba kitinda mimba wake yuko kidato cha sita na anataka udaktari, na kwamba nyumba yake imefika kwenye lenta. Nikamuuliza, "Mwalimu, bati utaliezeka kwa fedha ipi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba akikwama atauza sehemu ya hatifungani.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo mshauri asiyeweza kuifanya kwa kalamu mbele ya mteja hajawa tayari kwa kazi hii. Hatifungani inaweza kuuzwa kabla ya kuiva, yaani kabla muda wake haujaisha, ndiyo, lakini bei yake hupangwa na riba inayotakiwa sokoni siku hiyo ya kuuza. Chukua hatifungani yake yenye kuponi ya 12.56, kisha tuseme muda mfupi baadaye wanunuzi wanadai faida ya asilimia 14 kwa sababu matoleo mapya yanalipa kiasi hicho. Hakuna atakayeinunua ya zamani kwa shilingi 100 kamili. Ukikokotoa thamani ya leo ya malipo yote 50 ya kuponi pamoja na mtaji wa mwisho kwa kiwango hicho kipya, unapata shilingi 90 hivi kwa kila 100. Milioni 60 zinakuwa milioni 54, na milioni 6 zimeondoka ingawa Serikali haijachelewesha malipo hata siku moja. Upande wa pili nao upo: waliowahi toleo la kwanza la miaka 25 mwaka 2021, lenye kuponi ya 15.95, waliona kuponi ya matoleo mapya ikishushwa mwaka uliofuata hadi hiyo 12.56, na kwa hesabu hiyohiyo hatifungani zao zikawa na thamani ya takribani shilingi 125 kwa kila 100. Kadiri muda wa kuiva unavyokuwa mrefu, ndivyo bei inavyoyumba zaidi kwa badiliko lilelile la riba.

Tuliishia kuigawa fedha. Milioni 30 zilikwenda kwenye hatifungani aliyoitaka, fedha ya bati ikabaki benki, na fedha ya ada ikanunua vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja; faida ya mfuko huo ni ndogo kuliko ya miaka 25 lakini vipande vyake vinauzika na fedha kupatikana ndani ya siku chache za kazi. Mwalimu alisaini kwa shingo upande, kwa sababu mapato yake ya mwezi kutokana na hatifungani yalishuka hadi 314,000, na sikumlaumu.

Mengine ya kutwa nzima hayana mvuto mkubwa. Asubuhi nasoma taarifa ya Soko la Hisa la Dar es Salaam na matokeo ya minada ya hatifungani ya Benki Kuu, ambayo hufanyika siku za Jumatano. Kisha nasoma hesabu za kampuni, naandika waraka wa ushauri kwa kila mteja nikieleza sababu za pendekezo langu, najaza taarifa za utambulisho wake, na kujibu simu. Simu ni nyingi kuliko unavyodhani, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika nne unaoletwa saa tano usiku nao ni sehemu ya kazi, ijapokuwa haumo kwenye mkataba wangu wa ajira.

Kuhusu hisa, sijui ipi itapanda kesho, na anayekuambia anajua mkimbie. Ninachoweza kukisoma ni faida ya kampuni, madeni yake, gawio linalolipwa, na bei ambayo watu wanailipia faida hiyo. Hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, zilikuwa chini ya shilingi 100, na wateja waliokuwa nazo walikuwa wakinipigia kwa hasira. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 zilikuwa zimepita 400. Aliyekuwa na fedha ya ada humo mwaka 2019 aliuza kwa hasara. Aliyekuwa na fedha isiyohitajika alikaa. Hisa ni ileile, na tofauti yao ilikuwa tarehe.

Nami nimewahi kukosea katika jambo hilohilo. Katika mwaka wangu wa pili nilimshauri mteja anunue hisa za kampuni moja ndogo ambayo hesabu zake zilinipendeza mno, na hesabu hizo zilikuwa sahihi. Nilichosahau kukiangalia ni kwamba hisa zake zilikuwa hazinunuliwi wala kuuzwa kwa siku nyingi mfululizo. Mke wake alipohitaji upasuaji, oda ya kuuza ilikaa wiki tatu bila mnunuzi, na mteja akakopa kwa ndugu. Tangu hapo, kabla ya kusoma faida ya kampuni, natazama kwanza ni hisa ngapi zimebadilisha mikono katika miezi mitatu iliyopita.

Malipo yana njia mbili kuu: ada ya ushauri, ambayo mteja hulipa kwa kazi iliyofanyika au kwa asilimia ya fedha inayosimamiwa, na kamisheni, ambayo hutokana na muamala. Wateja wetu wengi bado hawajazoea kulipia maneno, kwa hiyo kampuni nyingi huishi kwa kamisheni, na hapo pana mtego. Ada na kamisheni zote kwa muamala mdogo wa hisa ni takribani asilimia 2. Kuuza hisa moja na kununua nyingine kunamgharimu mteja kama asilimia 4 kabla hajapata chochote, ilhali anayemshauri analipwa mara mbili. Ukiajiriwa, uliza mapema kama mshahara wako utapimwa kwa wingi wa miamala. Kwa maoni yangu jibu la swali hilo ni muhimu kuliko kiasi cha mshahara wenyewe.

Leseni ni lazima. Chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, kampuni inayotoa ushauri hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na mtu anayefanya kazi hiyo kwa niaba yake huhitaji leseni ya uwakilishi, ambayo hutanguliwa na mafunzo na mitihani ya tasnia. Shahada yako ya uhasibu itakusaidia kusoma mizania, lakini haikupi ruhusa ya kutoza watu fedha kwa ushauri wa dhamana, yaani hisa na hatifungani, hata kama ni kwenye kundi la WhatsApp. Waliopoteza fedha katika mchezo wa upatu wa DECI mwaka 2009, kwa "kupanda mbegu" na kungoja mavuno, wangeokolewa na swali moja tu la kama wahusika wana leseni, na bado kila mwaka nakutana na mtu ambaye hakuliuliza.

Kuhusu kuacha kazi, usiache sasa. Endelea na benki huku ukisoma mafunzo hayo, fungua akaunti yako ya hisa kwa dalali, na ununue kiasi kidogo kwa fedha yako mwenyewe, halafu ujaribu kuuza sehemu yake ili ujue kungoja mnunuzi kunakuwaje. Barua ya kuacha kazi iandike utakapokuwa umefaulu mitihani na kampuni yenye leseni imekuandikia ya kukuajiri.