Usikubali turubai la asili litupwe

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Moshi aliniandikia. Amerithi Land Rover Series IIA, toleo la miaka ya 1960, ya marehemu baba yake, turubai la paa ni lile la kiwandani, na fundi amemshauri alivue, alitupe, ashonewe la plastiki la malori. Ndugu yangu, nakuomba usifanye hivyo.

Gari langu ni la mwaka 1967, lile fupi la inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na turubai lake la pamba ndilo lililotoka nalo Uingereza. Masika yote limelala nje hapa Arusha, na viti havikulowa. Najivunia hilo, maana walioniambia halifai tena walikuwa wengi.

Kuna wakati nililipeleka karakana moja kurekebishwa breki. Breki tu! Bila kuniuliza, wakalisugua turubai kwa sabuni ya unga na dawa ya madoa yenye klorini, wakamalizia na maji ya presha. Nilikuta kijani kimefifia mabaka mabaka, na uzi wa mshono juu ya kiti cha dereva ukikatika kwa kuguswa na ukucha. Mvua iliyofuata ilipita kama kwenye chandarua. Radhi hawakuniomba, na hadi leo nikipita pale roho inaniuma.

Klorini inakula pamba. Sabuni ya unga nayo isiposuuzika vizuri hubaki kwenye kitambaa na kuyavuta maji ndani. Pamba yenyewe ina akili yake: ikilowa, nyuzi hufura na kuziba vitundu. Ndiyo maana turubai lisiloharibika hutoa matone kidogo mvua inapoanza, kisha likatulia. Ila usiliguse kwa ndani likiwa limelowa, hapo hapo litaanza kuvuja.

Nililisafisha upya kwa brashi laini na maji baridi matupu. Penye kuvu nilipangusa kwa siki iliyozimuliwa, nikasuuza, nikalianika kivulini hadi likakauka kabisa. Kisha mshono. Niliushona kwa mkono, sindano ikipita kwenye matundu yale yale ya zamani, kwa sababu kila tundu jipya ni njia mpya ya maji. Juu ya uzi nikasugua kipande cha nta ya nyuki ya Tabora, mbele na nyuma, nikaliacha juani kidogo nta ilainike na kuzama. Nta iishie kwenye mishono. Ukipaka turubai zima linanasa vumbi la barabarani. Sehemu nyingine pakaa dawa ya maji ya kuzuia mvua, ile ya mahema ya pamba, tabaka jembamba, likiwa kavu.

Kavu! Nalirudia kwa sababu watu hawasikii. Usilikunje likiwa bichi hata kama una haraka, kuvu halikusubiri. Ukirudi safari na mvua, lifunge kwenye gari likiwa limetandazwa, likauke, ndipo ulikunje.

Land Rover ya kwanza, mwaka 1948, ilitoka na turubai. Paa gumu likaja baadaye. Plastiki utaipata mjini siku yoyote utakayo. Kitambaa alichokifunga mzee wako kwa mikono yake hakiuzwi popote. Kwa hiyo mwambie fundi aweke mkasi chini, na kesho asubuhi anza na mshono wa juu ya dereva, maana huo ndio hutangulia kuoza.