Kwa nini ukaguzi wa viwanda haupandishi mshahara wa mshonaji

Swali lililoulizwa ni kama ukaguzi ambao makampuni ya mavazi hufanya katika viwanda vya Bangladesh unaweza kumwongezea mshonaji mshahara. Nimefanya kazi katika ofisi ya wakala wa ununuzi, nikiandaa hesabu za bei kati ya viwanda vya huko na wauzaji wa nguo wa Ulaya, na jibu langu ni kwamba hauwezi, kwa sababu mshahara huamuliwa mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Mahali penyewe ni karatasi ya hesabu ya bei. Kitambaa, uzi na zipu vina bei ya soko, na mara nyingi mnunuzi mwenyewe, yaani kampuni ya mavazi, ndiye anayeelekeza vinunuliwe kwa nani, hivyo kinachobaki cha kuvutania ni gharama ya kushona, ambayo hupimwa kwa dakika. Mnunuzi anapodai punguzo, muuzaji wa kitambaa hashushi chochote. Mwenye kiwanda hukubali kwa kuogopa oda isihamie kwingine, kisha idadi ya vipande ambavyo kila laini ya washonaji inatakiwa kutoa kwa saa hupandishwa. Hakuna aliyekuwa mezani asiyejua mzigo huo ungemwangukia nani. Lililonikera zaidi ni ratiba: mnunuzi huchelewa kuidhinisha sampuli, au hubadili rangi kazi ikiwa imekwisha kupangwa, lakini tarehe ya kusafirisha haisogei, na kiwanda kikichelewa huenda kikabebeshwa gharama ya kusafirisha mzigo kwa ndege. Basi watu hushona hadi usiku, na saa hizo za ziada, ambazo mkaguzi baadaye huziandika kuwa kosa la kiwanda, chanzo chake ni barua pepe ya mnunuzi.

Hata kwa upande wa usalama, cheti peke yake si kinga. Kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliungua Septemba 2012 na watu zaidi ya 250 wakafa, wiki chache tu baada ya kupewa cheti cha SA8000, kinachothibitisha mazingira bora ya kazi. Kilichobadilisha majengo ya Bangladesh ni mkataba wa 2013, uliotiwa saini baada ya Rana Plaza, jengo lenye viwanda vya nguo karibu na Dhaka, kuporomoka tarehe 24 Aprili na kuua watu 1,134. (Nyufa zilionekana siku moja kabla, benki iliyokuwamo iliwaondoa watumishi wake, washonaji wakaamriwa kurudi kazini.) Mkataba huo uliyafunga makampuni kisheria na vyama vya wafanyakazi vilikuwa wahusika kamili, lakini ulihusu moto na majengo, si malipo.

Kima cha chini cha mshahara wa washonaji wa Bangladesh kilikaa taka (sarafu ya huko) 8,000 kwa mwezi kuanzia Desemba 2018 hadi kilipofikishwa 12,500 Desemba 2023, ilhali waandamanaji walikuwa wamedai 23,000. Wenye viwanda hupinga nyongeza kama hizo kwa sababu hawaamini kwamba wanunuzi nao wataongeza bei, na kwa niliyoyaona sishangai. Kwa hiyo anayetaka kuihoji kampuni asiulize imekagua viwanda vingapi, bali aulize kama bei inayolipa kwa kila kipande iliongezwa kima hicho kilipopanda, na kama mkataba wake unaitenga gharama ya ushonaji isiguswe wakati wa kujadiliana bei. Katika oda nilizoshughulikia mimi, kifungu cha namna hiyo hakikuwemo.