Makaburi yabaki, mnara hapana
Kwa anayeuliza kama askari wa Kusini waliopigana na serikali ya Marekani 1861 hadi 1865 wanastahili kulala Arlington, yale makaburi ya kitaifa ya wanajeshi wa Marekani, mi naona waachwe tu, kufukua mifupa ya watu haifai, wako sehemu ya 16 baada ya Kongresi kuruhusu mwaka 1900 na mawe yao yana ncha juu, ya wanajeshi wengine yana mviringo juu, kwahiyo ukipita unawajua. Ila zile sanamu za mnara wao wa kumbukumbu wa 1914 kuondolewa Desemba 2023 ilikua sawa kabisa jamani, moja inaonyesha mwanamke mtumwa kabeba mtoto wa afisa wa Kusini, utadhani utumwa ni undugu, na hapohapo sehemu ya 27 wamelala wanajeshi weusi waliopigana kuumaliza huo utumwa, hao nao wangejisikiaje?