Usimuuze huyo jogoo aliyepauka!

Mkuu, pesa ya jogoo usiitoe kwanza. Unasema matetea wako wa Plymouth Rock, ile aina ya kuku wa mistari, wana mistari mizuri ila jogoo amepauka, kwa hiyo unamuuza ununue yule mwenye giza ili watoto wakolee. Umeuliza pia chakula cha kung'arisha manyoya na umri wa kuwatenga. Leo nijibu la jogoo tu, maana hapo ndipo unapokwenda kuumia.

Kwa Plymouth Rock wa mistari, jogoo safi ndiye huyo unayemwona amepauka. Jeni ya mistari, yaani kile kirithi kinacholeta mistari, inakaa kwenye kromosomu Z, moja ya zile mbili (Z na W) zinazoamua jinsia ya kuku. Jogoo ana Z mbili, hivyo aliye safi amebeba mistari mara mbili na weupe wake unapanuka. Tetea ana Z moja tu na W moja isiyobeba mistari, ndiyo maana ana giza kuliko kaka yake. Ukikuta jogoo ana giza kama tetea, shuku: huyo ana dozi moja, yaani amebeba jeni ya mistari kwenye Z moja tu.

Mimi niliuziwa wa namna hiyo na jamaa anayejiita mtaalamu wa mbegu. Kifua kipana, mistari imekolea, bei ya mbuzi. Akaniapia kwamba giza ndiyo damu safi. Nikachukua oda za matetea wa mistari. Vifaranga hawa huanguliwa weusi wakiwa na doa jeupe utosini. Siku ya 21 nafungua mashine, nawashika mmoja mmoja chini ya taa: doa, doa, utosi mweusi tii, doa, mweusi tii tena. Wale wasio na doa wote walikuja kuwa matetea! Karibu nusu ya matetea wangu hawakuwa na hata mstari mmoja. Majogoo wote walipata mistari, na hakuna mteja aliyeagiza jogoo. Nikarudisha pesa za watu. Nampigia yule bwana, ananiambia eti ni chakula. Chakula! Kifaranga ametoka kwenye yai sasa hivi, hajadonoa hata punje!

Binti hapati mistari kwa mama. Mama humpa binti W, Z yake humpa mwana. Mistari yote ya binti inatoka kwa baba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza mama wa huyo jogoo ana rangi gani. Akiwa mweusi, jogoo ana dozi moja, muache hata ukipewa bure. Wakikwambia wazazi wote wana mistari, usiamini maneno: mfungie na matetea weusi tii, Australorp (aina ya kuku weusi) wanafaa, uangulishe mayai. Kifaranga mmoja asiye na doa anatosha kumkataa. Wakitoka 10 na wote wana doa, mchukue. Jogoo wa dozi moja hubahatisha hivyo mara 1 tu katika 1,024. Na hao matetea wakae bila jogoo wiki 3 kwanza, maana mbegu za jogoo wa zamani hubaki tumboni mwao na zitakuharibia jaribio zima.