Kubanika nyama kwa moshi wakati wa baridi: maswali yenu

Tangu theluji ianze naulizwa swali moja kwa sura kumi: jiko la mkaa lenye kifuniko, lililokuwa na adabu kiangazi chote, mbona sasa linagoma? Nimeyachambua mliyoandika, haya ndiyo yaliyopita.

Kiangazi jiko langu hutulia kwenye nyuzi 110 bila taabu. Sasa nje ni nyuzi tano chini ya sifuri na halivuki 90. Nimejaza mkaa mpaka karibu na wavu. Nakosea wapi?

Hapo penye kujaza. Moto unataka hewa kabla ya kutaka mkaa, na mkaa uliorundikwa juu ya majivu ya juzi haupumui. Ukishazima na kupoa, toa kila kitu, pakua majivu yote, kisha chungulia matundu ya chini. Mimi niliwahi kuhangaika asubuhi nzima kumbe theluji iliyoyeyuka usiku imegandia kwenye kile kibati cha kufungulia hewa. Nilikizungusha mpini, nikadhani kimefunguka, kumbe mpini tu ndio uliozunguka.

Halafu angalia mkaa wenyewe. Gunia lililolala nje hunyonya unyevu, na mkaa wenye unyevu hupoteza joto kwa kukausha maji yake kwanza. Ukisikia unapasuka-pasuka na unachelewa kushika, umeshajua. Uhifadhi pakavu, juu ya ubao, si sakafuni.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie hali ya hewa, na hapo mshitakiwa wangu wa kwanza ni upepo. Baridi iliyotulia unaimudu kwa mkaa wa ziada. Upepo hufanya maovu mawili kwa pamoja: unapuliza joto kutoka kwenye bati la jiko, na ukiingia tundu la chini unachochea moto bila ruhusa yako. Ndiyo maana kipimajoto hucheza 90, 140, 90. Geuza jiko ili tundu la chini lisitazame upepo, usimamishe kizuizi cha bati au ukuta upande unakotoka, ukiacha nafasi ya kutosha kati yake na jiko. Tundu la juu liache wazi, joto ulirekebishe kwa matundu ya chini. Na tafadhali, usilifunike jiko kwa blanketi la kitandani. Kuna aliyeniuliza, sitamtaja.

Kwa kazi ya saa nyingi mimi hupanga briketi, vile vitofali vya mkaa ulioshindiliwa, kufuata ukuta wa jiko, mistari miwili iliyobanana na juu yake miwili mingine, mpaka nizunguke zaidi ya nusu ya jiko. Nawasha nane au kumi pembeni, zikiiva naziweka mwanzo wa mstari, na moto unatambaa wenyewe kutoka moja kwenda nyingine. Wakati wa baridi naongeza mstari wa tatu kwa upana. Nyama inakaa upande usio na moto.

Niongeze saa ngapi kwa sababu ya baridi?

Sijui, na wala usimwamini anayekupa jibu la haraka. Nyama haisomi saa. Kidari cha ng'ombe au bega la kondoo lina tishu ngumu ambazo hulainika polepole na kugeuka utelezi mtamu ule, na kazi hiyo huiva vizuri ndani ya nyama inapofika nyuzi 90 hadi 95. Choma kipimajoto katikati, usome hapo. Kile cha kwenye kifuniko kinakwambia joto la kifuniko.

Ila kuna jambo moja huwatia watu hofu na wakalaumu baridi bure. Nyama ikifika kama nyuzi 65 au 70 inasimama. Saa moja, mbili, tatu, namba haisogei. Inatoka jasho, na jasho likikauka linaipoza, kama mwili wako unavyopoa. Hutokea hata kiangazi. Ukikosa subira, ifunge kwenye foili, itapita.

Muda unaoweza kuuokoa kweli uko kwenye kifuniko: kiache kimefungwa. Kila ukichungulia, hewa ya moto yote inatoka na ya barafu inaingia, na bati jembamba linachukua muda kurudi lilipokuwa.

Jiko linatoa moshi mweupe mzito. Nimesoma kwamba moshi mweupe unatia nyama uchungu. Nilizime?

Subiri kwanza. Kwenye baridi hata pumzi yako ni nyeupe. Mkaa, kuni na nyama vyote hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na hewa baridi huonekana kama moshi. Utazame vizuri: mvuke hupotea hatua chache tu kutoka kwenye tundu, moshi mchafu huendelea kuning'inia na kuwasha macho. Pua nayo haidanganyi. Ukinusa harufu kali ya masizi, moto unakosa hewa au kuni ni mbichi. Tumia vipande vikavu vya mti mgumu, mwaloni au mtufaha kwa mfano. Msonobari una utomvu, uache. Mbao zilizopakwa rangi au dawa usizikaribishe kabisa.

Matone meusi yamedondokea kuku wangu. Ni nini?

Mvuke uliogusa kifuniko cha baridi, ukayeyusha masizi ya miezi kadhaa na kurudi chini. Sugua kifuniko kwa ndani, na liache jiko tupu lipate moto mpaka kifuniko chenyewe kiwe moto kabla ya kuweka nyama.

Bakuli la maji la kuweka ndani ya jiko nalo?

Litumie, lakini tia maji yanayochemka. Maji baridi yatakunywea mkaa bure.

Nimelihamishia jiko gereji, mlango nimeuacha nusu wazi ili moshi utoke. Ni sawa?

Si sawa. Litoe leo. Moshi unaouona si ndio unaoua. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata pale moto unapoonekana umefifia. Mlango wa nusu si kinga. Kichwa kikiuma, ukipata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, toka nje na watu wote, uite msaada. Si gereji tu: hema, baraza iliyozibwa, chumba chenye dirisha wazi, vyote ni hapana.

Majivu yapewe adabu hiyo hiyo. Yanaweza kuficha kaa la moto zaidi ya siku nzima, hata theluji ikiwa imelala juu. Yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, mbali na mbao za nyumba.

Nyama imetoka kwenye friza ikiwa jiwe. Naweza kuiweka hivyo hivyo, si itaiva polepole?

Polepole mno. Katikati itakaa saa nyingi kwenye joto wanalolipenda bakteria, kati ya nyuzi 4 na 60. Iyeyushie ndani ya friji, hata kama ni siku mbili. Ikishayeyuka, itoe friji na kuipeleka motoni moja kwa moja, kwani nyama ya baridi hushika moshi vizuri zaidi. Kuku naye asiliwe kabla ya kufika nyuzi 74 ndani.

Huwa unavaa nini ukiwa nje saa zote hizo?

Glovu mbili tofauti: za sufu za kungojea, za ngozi za kushika jiko. Za ngozi ziwe kavu, kwa sababu glovu iliyolowa hupitisha joto hadi kwenye kiganja kabla hujamaliza kuinua wavu. Makoti ya nailoni yakirukiwa na cheche hutoboka. Na skafu ichomeke ndani ya koti. Yangu ina ncha moja fupi kuliko nyingine, na watoto hawachoki kuniuliza kwa nini.