Lieni haisubiri nyumba iuzwe

SWALI: Wakili, mimi ni fundi vigae San Diego, nina leseni. Nilipatana na mwenye nyumba moja kwa moja nikamtengenezea bafu mbili na jiko; namdai dola 14,200. Jamaa mmoja anayejaza fomu kwa ada alinisajilia kaunti lieni, yaani haki ya kuishika nyumba hiyo kwa deni langu; leo ni siku ya 68. Ananiambia nitulie tu, nyumba ikiuzwa nitalipwa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu fundi, na umebakiwa na siku 22.

Uongo huu hauishi. Katika sheria ya California, lieni hufa siku ya 90 tangu kusajiliwa ikiwa hujafungua kesi ya kuitekeleza. Mwenye nyumba akikuahidi kwa mdomo kwamba atalipa mwisho wa mwezi, siku hazisogei. Mkikubaliana kumwongezea muda, makubaliano hayo nayo yasajiliwe kaunti, tena kabla ya siku 90 kwisha.

Kesi ifungue Mahakama Kuu ya kaunti ilipo nyumba. Mahakama ya madai madogo haina uwezo wa kuamuru nyumba iuzwe, na kwa mtu binafsi inaishia dola 12,500. Humo humo dai pia kuvunjwa kwa mkataba, ili lieni ikianguka deni libaki. Ukishafungua, una siku 20 za kusajili notisi ya kesi inayoendelea katika ofisi ile ile ya msajili. Bila hiyo, mnunuzi anaweza kusema hakujua kuna kesi. Kama mkataba uliandikwa kwa jina la kampuni, lazima uwe na wakili.

Leo hii mdai huyo jamaa uthibitisho kwamba nakala ya lieni na notisi yake vilitumwa kwa mwenye nyumba. Ukikosekana, lieni haitekelezeki hata ukiwahi mahakamani. Tazama pia kiasi alichoandika: riba na ada ya wakili havimo katika lieni.

Vishoka hawa hulipwa kwa fomu, si kwa hela utakayopata, ndiyo maana kazi yao huishia dirishani kwa msajili. Siku 90 zikipita, mwenye nyumba hukupa notisi ya siku 10 uiondoe; ukikaidi anakwenda mahakamani, na anayeshindwa hulipa mawakili wa mwenzake. Vishoka hao hawamwulizi mkandarasi mdogo, yule aliyepewa kazi na mkandarasi mkuu, kama alituma notisi ya awali ya kumjulisha mwenye nyumba kuwa yumo kazini, ndani ya siku 20 tangu aanze. Hawaulizi leseni, ingawa asiyekuwa nayo, kwa kazi inayoihitaji, hawezi kushtaki na anaweza kuamriwa arudishe hata senti alizokwisha kulipwa. Wengine huchukua ada kusajili lieni juu ya shule ya umma, mali ambayo haishikiki kwa lieni hata kidogo. Huko fundi hudai kwa notisi ya kuzuia malipo, inayomtaka mwenye mradi ashike fedha za mkandarasi mkuu, au kwa dhamana ya malipo aliyoiweka mkandarasi huyo.