Anza na kreti ya soda, neno "urejelezaji" litakuja lenyewe

Mwalimu uliyeuliza jinsi ya kufundisha darasa la tatu habari za kurejeleza taka, na una watoto 90, huna hata manila: pole, na karibu Mwanza. Nipo kazini hapa miaka mingi kidogo, na somo hili lilinishinda mara mbili kabla halijakaa sawa.

Mara ya kwanza niliandika URNEJELEZAJI ubaoni, tena kwa haraka nikakosea herufi, wakanakili na kosa langu. Maana yake waliikariri vizuri sana. Kengele ya mapumziko ilipolia wakanunua barafu za ubuyu, wakanyonya, vifuko wakavidondosha palepale mlangoni mwa darasa.

Mwaka uliofuata nikaazima kreti tupu kwa mama mwenye duka jirani na shule. Nikauliza: ukitumwa soda ya chupa ya kioo, dukani unaambiwa nini? Darasa zima: "Lete chupa!" Usipokuwa nayo? "Unaacha hela ya chupa!" Wakajua wenyewe kwamba ile chupa inarudi kiwandani, inaoshwa, inajazwa tena. Kisha nikainua chupa ya maji ya plastiki. Hii je, nani anaidai? Kimya. Inaishia wapi? Mtoto mmoja wa Mabatini akajibu kwa sauti ndogo, "Mirongo, ticha."

Hapo ndipo somo lilipoanza. Mto Mirongo wanaujua wote, unapita katikati ya mji na kumwaga ziwani. Maji ya bomba tunayovuta kwenye chanzo cha Capri Point ni ya ziwa hilohilo. Sikuhitaji kuhubiri, walikunja sura wenyewe.

Usichanganye mambo mawili, maana hata sisi walimu tunayachanganya: kutumia tena na kurejeleza. Katambuga ni tairi lililokatwa, bado ni tairi, hiyo ni kutumia tena. Koroboi ya kopo, vilevile. Lakini skrepa ikiyeyushwa ikatoka nondo, au chupa za plastiki zikasagwa, zikayeyushwa, zikatoka kitu kingine kabisa, huko ndiko kurejeleza. Nilifanya mchezo: nataja kitu, wanaosema "tena" wanasimama upande wa dirishani, wanaosema "rejeleza" upande wa mlangoni. Mpira wa chandimu wa mifuko na kamba ulizua ugomvi. Niliwaacha wabishane.

Jaribio ambalo sijawahi kulikosa ni la beseni. Kata kipande cha chupa ya maji (kata wewe, mkasi usiwape), chukua na kifuniko chake. Waulize kipi kitazama. Wengi watasema vyote vinaelea, kwa sababu ziwani wanaona chupa zinaelea. Tia majini, kandamiza kwa kidole mpaka vilowe, achia. Kifuniko kinapanda juu, kipande cha chupa kinakwenda chini. Ile chupa ya ziwani inaelea kwa sababu ya hewa iliyofungiwa ndani. Kwa hiyo chupa na kifuniko ni plastiki mbili tofauti, na ndiyo maana kwenye uchakataji hutenganishwa, mara nyingi kwa maji hivyohivyo. Halafu wageuze chupa watafute pembetatu yenye namba chini: chupa za maji huwa na 1, madumu mengi yana 2. Watakuletea kila kopo la nyumbani kwao wakusomee namba, jiandae.

Sasa kosa la pili. Niliwaambia, "Kesho kila mtu aje na chupa moja." Sikusema tupu. Asubuhi saa mbili kasoro mama mmoja yupo ofisini, kanga begani, bado anahema. "Shikamoo mwalimu. Hivi ni shule gani inayomwagisha watoto mafuta ya kupikia?" Binti yake alikuwa amemimina mafuta yote kwenye bakuli la mboga ili apate chupa. Mwingine alileta chupa iliyokuwa na mafuta ya taa, mkoba na madaftari vikanuka wiki nzima. Sema: tupu, ya maji tu, iliyosuuzwa, na mzazi awe anajua. Vioo, sindano na mabetri wasiguse. Na usiwatume kuokota jalalani wala mtoni, hata kwa nia njema.

Chupa zikijaa, mwite mnunuzi aje na mizani yake shuleni. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 na kitu hadi 20, kwa hiyo kilo moja inakula chupa 50 mpaka 100. Wangu walikadiria kumi. Walivyoona kiroba kimefura na mshale umesogea kidogo tu, walicheka, halafu wakamwangalia yule kijana mnunuzi kwa macho mengine. Kuna waliozoea kumwita chokoraa. Hela iliyopatikana ilitosha sabuni ya kunawia mikono. Ihesabu mbele yao na ubandike hesabu yake ubaoni, la sivyo mtaani watasema mwalimu anafanyisha watoto biashara. Nimeambiwa hilo usoni.

Mifuko ya rambo usiipe muda mwingi. Ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, hawa wako walikuwa hawajazaliwa au bado mgongoni.

Kama shule yako iko karibu na mwalo, tegemea swali la nyavu. Mimi liliniacha mdomo wazi. Mtoto wa mvuvi aliuliza, "Na nyavu mbovu zinarejelezwa, ticha?" Nikamwambia akamuulize baba. Kesho yake akasimama mbele ya darasa akahesabu kwa vidole: ya kuanikia dagaa, ya kuzungushia mchicha, ya banda la kuku, na moja ipo goli la uwanjani kwao. Upande wa dirishani wakapiga kelele, "Tena! Tena!"